“Haikuandikwa”: mtoto anayesoma vizuri lakini hang’amui kilichofichwa

Swali: “Ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Kijana wangu ana miaka 7, yuko mwaka wa pili wa msingi. Anasoma Kiswahili bila kukwama, Kifaransa ameanza kukisoma vizuri, na katika imla hupata alama nzuri. Lakini akiulizwa jambo ambalo hadithi haikulisema wazi, anakwama. Juzi mwalimu alituonyesha zoezi lake. Hadithi ilisema: ‘Furaha alirudi kutoka shule. Mama aliweka kidole mdomoni, akamwonyesha kitanda kidogo. Furaha akavua viatu, akanyata hadi jikoni.’ Swali lilikuwa: kwa nini Furaha alivua viatu? Mtoto wangu aliandika: ‘Haikuandikwa.’ Mwalimu anasema anakariri tu, haelewi. Baba yake anataka tumtafutie mwalimu wa jioni na kitabu cha mazoezi. Kinachonichanganya ni kwamba tuna mtoto mchanga wa miezi 5, na kijana huyu huyu akikuta mlango wa chumba umefungwa mchana, hunyata bila kuambiwa na mtu. Mdogo wake wa miaka 4 naye hakuna kinachompita. Je, kijana wangu ana upungufu wa akili? Na jambo hili hufundishwa, au mtu huzaliwa nalo?”

Mama, jibu la swali lako kubwa umeliandika wewe mwenyewe, pale uliposema kwamba kijana hunyata akikuta mlango umefungwa. Hebu tutazame ni kazi gani anayoifanya pale mlangoni. Anaona mlango umefungwa saa ambayo kwa kawaida huwa wazi. Anakumbuka kwamba kuna mtoto mchanga. Anajua kwamba kelele humwamsha mtoto, na mtoto akiamka, kila mtu nyumbani hupata taabu. Anaviunganisha vitu hivyo kwa muda usiofika nusu dakika, kisha miguu yake inatii. Kuifanya kazi hiyo kila siku bila kuelekezwa si dalili ya upungufu wa akili unaouogopa. Anachokosa ni kuifanya kazi hiyo hiyo pale ambapo mlango, chumba na mtoto mchanga vimegeuzwa kuwa maneno kwenye karatasi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mkiyachanganya mtatumia fedha kutibu kisichougua.

Katika jibu hili nitaliita jambo hilo kung’amua: kuchukua dalili iliyo mbele yako, kuiunganisha na kitu ambacho tayari unakijua, na kupata jambo la tatu ambalo hakuna aliyekuambia. Ni tofauti na kukisia. Anayekisia hurusha neno na kungoja kuona kama limepata, ilhali aliyeng’amua anaweza kurudi nyuma na kukuonyesha njia aliyopitia. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu walimu wengi, wakiona mtoto hajibu, humwambia “kisia tu”, na mtoto hujifunza kurusha maneno.

Tatizo la sisi watu wazima ni kwamba tunang’amua haraka mno hata hatujui kwamba tumeng’amua. Mwaka 1972 nchini Marekani, John Bransford na wenzake waliwasomea watu sentensi nyingi, mojawapo ikisema kwamba kobe watatu walipumzika juu ya gogo linaloelea na samaki akaogelea chini yao. Baadaye waliwauliza kama walisikia kwamba samaki aliogelea chini ya gogo. Watu waliamini kwamba ndivyo walivyosikia, ingawa hakuna aliyewaambia hivyo: akili yao ilikuwa imekwisha kuchora picha nzima, na katika picha hiyo samaki aliye chini ya kobe lazima awe chini ya gogo pia. Mwalimu wa kijana wako anaposoma habari za kidole mdomoni na kitanda kidogo, anamwona mtoto mchanga aliyelala kana kwamba ameandikwa pale kwa wino. Kwake jibu liko kwenye ukurasa. Kijana amelitafuta kwenye ukurasa huo huo, hakuliona, akasema ukweli. Mimi kwa kweli ningempa alama kidogo kwa uaminifu huo.

Tena amesema ukweli kwa kufuata sheria aliyofundishwa. Nimekaa mara nyingi kwenye benchi la nyuma la madarasa ya mwaka wa kwanza na wa pili, na maswali ya usomaji ninayoyasikia karibu yote ni ya namna moja. Hadithi inasema “Mapendo alikwenda soko na bibi yake”, mwalimu anauliza, “Mapendo alikwenda soko na nani?” Mtoto anapeleka kidole juu ya mstari, anakuta “bibi yake”, ananakili. Baada ya miezi kumi ya kazi hiyo mtoto amejifunza kwa dhati kwamba jibu la swali ni kitu cha kuokotwa kwenye ukurasa. Siku moja anapewa swali ambalo nusu ya jibu lake iko kichwani mwake, na hakuna aliyemwambia kwamba sheria imebadilika. Basi mwambieni, kwa maneno ya wazi kabisa: kuna majibu yaliyoandikwa, na kuna majibu ambayo mwandishi amekuachia wewe uyamalizie. Kwa watoto wengine sentensi hiyo moja hufungua kufuli.

Sababu ya pili ni lugha, na hapa Bukavu inastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza uelewa wa kusoma kama zao la kuzidisha vitu viwili: uwezo wa kutamka kilichoandikwa, na uwezo wa kuelewa lugha yenyewe inaposemwa. Kwa kuwa ni kuzidisha na si kujumlisha, kimoja kikiwa sifuri jibu lote ni sifuri. Mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima wa Kifaransa kwa sauti nzuri, wageni wakapiga makofi, huku maneno mengi aliyoyatamka hayana picha yoyote kichwani mwake, na mahali pasipo na picha hapana cha kung’amua. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia na pia somo, lakini shule nyingi za mjini hukimbilia Kifaransa mapema kwa sababu sisi wazazi ndivyo tunavyotaka.

Hata Kiswahili chenyewe kina mtego wake. Kiswahili cha vitabu huweka dalili ndani ya viambishi. Mtu akisoma “Kilianguka kikavunjika, maziwa yakamwagika”, ile ki- inamwambia kwamba kilichoanguka ni kikombe au kibuyu, wala si chupa wala sahani. Nyumbani mwetu, hata hivyo, tunasema “kikombe ilianguka”, “kitabu yangu”, na i- hiyo hubeba karibu kila kitu. Sisemi kwamba ni kosa; ndicho Kiswahili tunachoishi nacho, na nami nikitoka kazini hukizungumza. Lakini mtoto aliyekulia humo hukutana na ki- ya kitabuni kama pambo tu, wakati mtoto wa Zanzibar ataiona kama kidole kinachoonyesha. Huu ni mchezo mzuri wa kucheza naye mkiwa mnachambua sombe: “Umefunguka wenyewe. Ni mlango au dirisha?” Atacheka mwanzoni, kisha ataanza kuwatega ninyi.

Sababu ya tatu ni kwamba hakuna anayeweza kuunganisha dalili na kitu asichokijua. Vitabu vya mazoezi vinavyotoka Ulaya vimejaa watoto wanaovaa glovu kwa sababu dirishani kumeonekana weupe. Mtoto wa Kadutu ambaye hajawahi kuona theluji atafeli swali hilo, na kufeli huko hakutuelezi lolote kuhusu akili yake. Ligeuze. Mwulize mtoto wa Paris swali hili: jioni mwezi ulitoka mpevu juu ya Ziwa Kivu, na asubuhi mama alirudi kutoka soko na kabichi tu, kwa nini nyumbani hakuliwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani? Atabaki kimya. Kijana wako, akiwa amewahi kusimama mahali penye kuliona ziwa usiku, anajua kwamba wavuvi huenda na taa na kwamba sambaza hufuata mwanga. Kinachobaki ni umsaidie hatua moja: mwezi ukiangaza ziwa lote, taa ya mvuvi itamvutia nani? Nimewahi kuliuliza swali hilo darasani, na mtoto mmoja wa miaka 6, baada ya kunyamaza kwa muda mrefu huku akiutazama mkono wake, alisema, “Samaki wameona taa kubwa juu.” Mwalimu aliyekuwa pale alikuwa ameniambia kwamba mtoto huyo ni mzito.

Kabla ya kutumia hata faranga moja, fanyeni jaribio hili nyumbani. Kijana asiwe na kitabu mkononi. Msomee wewe, kwa Kiswahili mnachozungumza, polepole: “Asubuhi Neema alivaa sare, akachukua mfuko wake wa daftari, akatoka. Muda mfupi baadaye alirudi akikimbia, nywele zikidondosha maji. Mama alimtazama miguuni, akacheka, akaenda kuchukua kitambaa. ‘Ngoja hapo hapo mlangoni,’ alimwambia.” Kisha mwulize kwa nini Neema alirudi, na kwa nini mama hakutaka aingie. Akitaja mvua na matope kwa kusikiliza, siku nyingine mpe aisome mwenyewe hadithi nyingine inayofanana na hiyo. Aking’amua kwa masikio lakini si kwa macho, basi kusoma kwenyewe bado kunamla nguvu zote, hata kama sauti yake haikwami, na dawa ni kusoma mara ya pili na ya tatu maandishi mepesi ambayo hayamchoshi. Asipong’amua hata kwa kusikiliza, mnahitaji kuongeza mazungumzo na hadithi za mdomo kwanza, kisha karatasi. Akifaulu kote kuwili, basi ni ile sheria ya shule niliyoieleza, na mnaweza kulala usingizi.

Je, hufundishwa? Ndiyo. Nicola Yuill na Jane Oakhill, watafiti wa Uingereza, walichapisha mwaka 1988 kazi yao na watoto wa takriban miaka 7 ambao walikuwa hasa kama kijana wako: wanasoma maneno vizuri, hawapati kilicho nyuma ya maneno. Vikao vichache tu viliinua uelewa wao. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilikuwa kumfanya mtoto aonyeshe ni neno lipi katika sentensi limempa habari ambayo haikusemwa. Hiyo mnaweza kuifanya leo kwenye hadithi ya Furaha. Msimwulize tena “kwa nini alivua viatu”. Mwulize, “Ni neno gani hapa linakufanya umfikirie mtoto mchanga?” Akiweka kidole juu ya “kitanda kidogo”, mwulize ni lini hapa nyumbani mtu huweka kidole mdomoni. Mwacheni afike mwenyewe, hata akichukua dakika nzima. Dakika moja ya ukimya huonekana ndefu sana kwa mzazi, najua, lakini mtoto anaihitaji.

Nje ya kitabu, chombo chako ni neno moja: “Umejuaje?” Kijana akikuambia, “Leo maji hayako,” usijibu tu “ndiyo”, mwulize amejuaje. Atasema ameona bidoni tupu zimepangwa kwenye bomba na watu wameketi juu yake. Akisema jirani amerudi safari, mwulize amejuaje. Mara moja au mbili kwa siku zinatosha kabisa. Mzazi anayeuliza kila saa hugeuka mpelelezi, na mtoto hujifunza kunyamaza ili apone. Vilevile usiwe wa kuuliza tu; fikiri kwa sauti mbele yake: “Mbabula bado ina joto na majivu ni meupe, kwa hiyo dada yako amekwisha kupika, hajatoka zamani.” Mtoto anayesikia njia ya mawazo ya mama yake ana cha kuiga. Akikosea, usimkatize kwa jibu sahihi. Mwulize kama kuna sababu nyingine inayoweza kuleta dalili hiyo hiyo. Ngazi zimelowa: ni mvua, au ni mtu aliyemwaga maji akipanda? Tutazame kama ngazi za jirani nazo zimelowa. Hapo ndipo maneno kama labda, lazima, pengine na haiwezekani hupata uzito wake, na mtoto anayejua kuyapima ana mali ambayo hata watu wazima wengi hawana.

Kuhusu huyo wa miaka 4, usishangae ukimwuliza “umejuaje” akakujibu “najua tu”. Umri huo watoto hung’amua vizuri lakini hawaioni njia waliyopita. Beate Sodian na Heinz Wimmer walionyesha mwaka 1987 kwamba watoto wa miaka 4 waliweza wenyewe kung’amua rangi ya kitu kilichofichwa kutokana na walichoambiwa, lakini walikataa kwamba mtu mwingine mwenye habari zile zile anaweza kujua bila kuona kwa macho. Wa miaka 6 wengi walikubali. Kwa hiyo usimlinganishe na kaka yake. Anayeonekana mwepesi leo anafanya kazi nyepesi zaidi.

Wengi huniuliza kama vitendawili vinatosha. Navipenda, na nimelelewa navyo, lakini tuwe wakweli: mtoto anayejibu “yai” ukitega nyumba isiyo na mlango mara nyingi anakumbuka jibu, hang’amui kitu. Kitendawili kinachomfanyisha kazi ni kile ambacho hajawahi kukisikia. Tungeni vyenu kutokana na vitu vya nyumbani. Bora zaidi, mwacheni atunge yeye, kwa sababu anayetunga hulazimika kuamua ni dalili ipi aitoe na ipi aifiche.

Kuna upande mmoja ambao sitaki kuuruka, hasa kwa miji yetu. Watoto waliokua karibu na milio ya risasi na safari za usiku mara nyingi hung’amua haraka, lakini kuelekea ubaya: duka limefungwa, basi kuna vita, baba amechelewa, basi amekufa. Hapo tatizo si kukosa uwezo wa kusoma dalili, na kumzidishia mazoezi kunaweza kumwongezea hofu. Anahitaji mtu mzima mtulivu wa kumwonyesha sababu nyingine zinazowezekana: ni Jumapili, au mwenye duka amekwenda msibani. Na kama kuna hatari ya kweli, usimdanganye, maana ataisoma kwenye uso wako. Vivyo hivyo kwa dalili zinazohusu watu: mtoto akisema “fulani ana viatu vipya, ameiba”, mwulize umejuaje kwa ukali zaidi kuliko ungemwuliza kuhusu mvua.

Sasa ushauri wa baba yake. Mwalimu wa jioni anaweza kusaidia ikiwa atasoma pamoja na mtoto na kuzungumza naye juu ya walichosoma. Wengi niliowaona hufanya imla na kutamka, yaani wanaongeza kile ambacho kijana tayari anakiweza, kwa fedha ambazo zingenunua vitabu viwili vya hadithi vya Kiswahili. Ningemwomba kwanza anieleze atafanya nini katika saa hiyo. Kitabu cha mazoezi cha Kifaransa ningekiacha kwa sasa. Kingine chochote chenye habari ngeni kitampa alama mbaya zisizo na maana. Kubadilisha shule ningekukataza, kwani mwalimu aliyewaita na kuwaonyesha zoezi ni mwalimu anayetazama watoto wake, hata kama amekosea alipotaja sababu. Mrudieni na matokeo ya jaribio la Neema. Mwombeni pia, kwa heshima, katika kila hadithi aweke swali moja lisilo na jibu kwenye ukurasa na awaambie watoto kwamba ndivyo lilivyo.

Nendeni kituo cha afya bila kungoja ikiwa mojawapo ya haya yapo: mtoto huomba mara kwa mara umrudilie maneno, au sikio lake hutoa usaha, hafuati maagizo ya hatua mbili anayosemeshwa kwa lugha ya nyumbani, hachezi michezo ya kujifanya na hatazami watu usoni, alikuwa na maneno au ujuzi ambao sasa umepotea, hasa baada ya homa kali au degedege, au hofu niliyoitaja inamnyima usingizi. Masikio yapimwe kwanza, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri huonekana asiyeelewa. Wataalamu wa lugha ya watoto ni wachache hapa kwetu, lakini daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa anaweza kuwaelekeza. Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, jipeni miezi mitatu ya mazungumzo ya kila siku kabla ya kuamua lolote, na andika kwenye daftari, pamoja na tarehe, majibu yake mawili matatu ya kila juma ili usitegemee kumbukumbu yako.

Na mnapofanya hayo jioni, mketisheni mdogo wake karibu naye asikilize, lakini mkubaliane mapema kwamba hajibu kwa niaba ya kaka yake. Hiyo ndiyo sehemu itakayokutaabisha kuliko zote.